Benchi Tupu Kortini Makadara

Mjukuu wangu Wambui,

Barua yako ya Kampala imenifikia hapa Ziwani. Tuko salama, ila goti langu linanisumbua, na mamako amerudi kwaya.

Unauliza utawasaidia nini wale vijana walioshtakiwa kwa kupinga bomba la mafuta ghafi, nawe huwajui hata kwa jina.

Nilipokuwa msichana, kaka yangu alishtakiwa kwa ajili ya mgomo kiwandani. Nilimpelekea sweta korti ya Makadara, nikakosea chumba. Aliyeletwa kizimbani alikuwa mama nisiyemjua. Alitazama mabenchi, yote matupu, kisha akaniona mimi. Nilitaka kutoka, lakini tayari alikuwa amenyoosha mgongo. Nikaona aibu kuinuka. Nilikaa mpaka kesi yake ikaahirishwa, na ya kaka ikanipita.

Alipoachiliwa kutoka jela, nilimwomba kaka msamaha. Akasema, "Kwenye kesi yangu kulikuwa na mzee mmoja. Simjui mpaka leo. Alikaa mpaka mwisho."

Basi nenda, Wambui. Keti mbele, wakuone.

Ni mimi shosho yako.