Soko Huhesabiwa Novemba

Alhamisi, 15 Agosti 2019

Kosa wanalofanya wengi hapa kijijini kwetu ni kuhesabu watu mwezi Agosti. Leo ni sikukuu ya Bikira, na barabara haipitiki. Watoto wetu walio ughaibuni wamerudi likizo: magari ya namba za Ujerumani, za Hispania, za Italia. Tarumbeta tangu asubuhi. Moshi wa kondoo wa kuchoma. Watoto wanagombana kwa Kijerumani chini ya dirisha langu. Foleni ya mkate dukani kwa Bi Tsonka imefika mlango wa kanisa. Mpita njia angeapa kwamba huu ni mji.

Binti yangu Radostina alipanga foleni hiyo. Alipofika mbele mkate ulikuwa umekwisha. Amerudi mikono mitupu, lakini macho yanang'aa. Sijayaona hivyo tangu tumzike mama yake.

"Baba, watu wote hawa wanauziwa na bibi mmoja. Mmoja tu. Hujawahi kuliona hilo?"

Nimeliona. Nilifundisha biashara hadi nikastaafu. Nikamwambia tule kwanza.

Jumapili, 18 Agosti

Amelisema mezani leo. Anataka kuacha kazi kule Dortmund, Ujerumani, kwenye nyumba ya kulelea wazee, arudi kabisa. Akodi chumba cha biashara anachopangisha Kamburov karibu na kituo cha basi. Duka la vyakula: mkate wa moto, jibini, kahawa nzuri, meza mbili nje.

Anataka mimi nilichunguze soko. "Si wewe uliyetufundisha darasani? Nichunguzie kama mwanafunzi yeyote. Usinihurumie."

Mwajiri wake atamshikia nafasi hadi Jumatatu ya tarehe 4 Novemba. Siku hiyo hiyo Kamburov anataka sahihi, na kodi ya mwaka mzima mbele. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani akingoja alama za mtihani. "Ukisema soko lipo, narudi. Ukisema halipo, nitazeekea huko na wazee wa watu."

Basi ni neno langu. Nyumba hii ina vyumba vinne. Nalala kimoja.

Jumanne, 27 Agosti

Wameondoka wote, naye pia. Mbwa wamelala katikati ya barabara.

Nimeanza na Bi Tsonka. Mtu akitaka kujua ushindani huuliza bei. Ni sawa, ila ulizia pia mteja anafuata nini pale. Nimekaa kwenye kiti chake cha mbao asubuhi nzima nikijifanya nasubiri maziwa. Mlango wake wote umefunikwa na matangazo ya misiba. Picha, jina, umri. Ya kumbukumbu ya siku arobaini, ya nusu mwaka, ya mwaka, ya miaka kumi. Kila anayekuja husimama kwanza mlangoni, huvaa miwani, husoma, hujipiga ishara ya msalaba. Ndipo huingia kununua mkate, akae, aulize mazishi ni saa ngapi.

Kumbe haji kwa ajili ya mkate. Anakuja kujua nani ametangulia. Bidhaa hiyo haikai kwenye rafu, na mshindani hawezi kuiagiza kwa jumla.

Bi Tsonka si mjinga. "Mwalimu Metodi, wewe maziwa hunywi. Binti yako anataka duka, sivyo?"

Nikakubali.

"Mwambie karibu. Mimi nilidhani umekuja kunichumbia."

Mabibi wawili waliokuwa wakisoma mlango wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Wanafunzi wangu walikuwa na adabu zaidi.

Jumatano, 4 Septemba

Jana lilipita gari la duka. Hupiga honi kwenye kila lango. Mkate, mafuta, sabuni. Dereva huchukua hata karatasi za daktari na kurudi Ijumaa na dawa kutoka mjini Vidin. Nimemwuliza bibi wa jirani kama angetembea hadi kituo cha basi akanunue mkate wa moto. Ameangalia magoti yake, kisha mimi. "Mwalimu, hata kanisani siendi. Mungu mwenyewe sijamfuata, nitamfuata binti yako?"

Wenye magari huenda supamaketi mjini kila Jumamosi na vipeperushi vya bei mfukoni. Kwa hiyo wenye magari huenda mbali, wasio na miguu husubiri langoni. Duka la Radostina linabaki na walio katikati. Nimewatafuta hao. Ni mimi na kasisi.

Jumamosi, 14 Septemba

Moshi kila ua. Pilipili hoho zinachomwa, nyanya zinachemka kwenye masufuria makubwa, watu wamekaa kwenye vigoda wakimenya na kusengenya. Hii ndiyo sehemu ambayo hata wataalamu huikosa. Huhesabu maduka. Mshindani mkubwa wa kijiji hiki hana mlango wala kibao. Yuko ghalani chini ya kila nyumba: rafu za chupa za mdomo mpana, achari, matunda, mchuzi wa pilipili, pipa la kabichi ya chumvi. Chakula cha miezi sita ya baridi. Na kinachozidi hupandishwa basi kupelekwa kwa watoto Ulaya Magharibi, ambako kuna maduka mia.

Nimeletewa chupa kutoka nyumba tatu, kwa kuwa nimefiwa na mke. Nimekataa, zikaachwa ngazini. Huwezi kushindana na mtu anayegawa bure na kununa ukikataa.

Nimefungua moja usiku wa leo. Tamu kabisa.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimekutana na Kamburov akipiga rangi chumba chake. Ndani bado kuna friji mbili za kijana muuza nyama aliyerudi kutoka Valencia, rafu za dada muuza nguo, mashine ya kahawa ya mume na mke waliotoka Bolonya. Wote walikuja Agosti, wakalipa mwaka mzima, na wote wakaondoka kabla ya Pasaka.

"Mimi nasaidia vijana warudi nyumbani, Mwalimu."

"Na wakishindwa?"

"Nasaidia wengine."

Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kupiga rangi. Nikatambua kwamba katika soko hili kuna biashara moja tu inayokua, nayo ni kuwapangisha wanaotamani kwao.

Jioni Radostina alipiga simu. Sauti ya mtu aliyetoka kuinua wagonjwa siku nzima. "Baba, umefika wapi?"

Nikamweleza habari za Bi Tsonka, kwamba yuko peke yake, amechoka, bidhaa zake ni chache. Nikamweleza gari la duka, kidogo. Habari za chupa sikusema. Za friji sikusema. Nikasema utafiti unaendelea vizuri.

"Vizuri" — neno gani hilo? Mwanafunzi angeniandikia hivyo ningempa sifuri.

Alhamisi, 24 Oktoba

Bi Tsonka anafunga. Krismasi ndiyo mwisho. Aliniambia mwenyewe, bila mzaha safari hii. Kila tangazo analobandika mlangoni ni mteja mmoja amepungua. "Naubandika mtaji wangu kwa gundi, Mwalimu."

Nimemwuliza kama alishindwa na supamaketi. Hapana. Na gari? Hapana. Ana miaka mingi peke yake sokoni. Aliyelala na soko zima kitandani anainuka na kuondoka kwa sababu soko lililo kando yake limekwisha poa kama maiti.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Wafu. Radostina aliingia jana na basi, mabegi manne. Manne — si mabegi ya mgeni; ile "vizuri" yangu imemtosha.

Leo tulikwenda makaburini na ngano ya kuchemsha na divai. Tukalimiminia divai kaburi la mama yake. Watu walikuwa wengi, kama Agosti. Kutoka mji mkuu Sofia, kutoka Vidin, mpaka magari yakakosa pa kuegesha. Wanagawiana ngano na mikate, wanakumbatiana, kila mtu anamwuliza Radostina kama ni kweli anarudi. Ni kweli, anasema.

Akaniegemea. "Tazama, Baba. Wapo. Na Bi Tsonka anafunga, umesikia? Sina mshindani hata mmoja."

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Sentensi ilikuwa tayari: mwanangu, soko lisilo na mshindani huwa ni bustani au ni kaburi, na sisi tumesimama wapi? Nikamwangalia. Alikuwa na punje ya ngano kwenye mdomo, kama alipokuwa mtoto. Nikaifuta.

Saa kumi jioni magari yote yalikuwa yameondoka. Yeye hakuona. Alikuwa nyumbani akipima kwa kamba urefu wa rafu.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua imeacha. Amepiga pasi blauzi ya kwenda kuweka sahihi kesho na kuitundika mlangoni. Anaimba jikoni, wimbo wa mama yake, anakosea palepale alipokuwa akikosea mama yake. Nyumba ina joto. Nimekaa chumbani na mlango nimeuacha wazi kidogo ili nisikie.

Wacha nieleze kwa utaratibu, kwa kuwa sijui njia nyingine. Aliniambia nisimhurumie. Sikumhurumia yeye, nilijihurumia mimi. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio hiki hakitaniumbua mimi, kitamkuta yeye mwezi Februari, kaunta safi, mkate unakauka, nafasi ya Dortmund imepewa mwingine, na Kamburov akija kutazama friji. Atabaki nami kwa sababu hana pa kwenda. Hicho sicho nilichokuwa nakisubiri miaka yote hii.

Nikimwambia kwa maneno atabisha. Ana majibu ya kila kitu, nilimfundisha mwenyewe. Atasema kahawa, atasema meza mbili nje.

Ameniita sasa hivi. "Baba, njoo uonje supu. Mbona umejitenga?"

Nakuja, nimesema.

Giza linaingia. Saa hii kila aliye hai kijijini huwasha taa, na kutoka kanisani hadi kituo cha basi ni mwendo mfupi. Usimhubirie, Metodi. Supu ingoje. Mvalishe koti, mtoe nje sasa hivi, ahesabu madirisha yenye taa: hao ndio wateja. Letu asilihesabu.