Maji ya Dada Wawili

Alhamisi, 3 Aprili
Zamu ya mtambo wa shaba, ule wa kukeneka mvuke wa maua uwe maji, imefika kwetu. Asubuhi nimeufuata kwa mama mkubwa Jalila, nikaufunga nyuma ya pikipiki, shingo yake ya shaba ikinidunga mgongo njia nzima. Mji wote wa Nabeul unanukia maua ya mdanzi, hata kwa muuza matairi.

Mama mkubwa, kama kawaida: "Dorsaf, mwambie mama yako nimeusugua. Safari hii asinirudishie na masizi." Mama, kama kawaida: "Mwambie huyo masizi ni ya kwake, mimi napikia gesi." Mtaa mmoja, damu moja, na tangu bibi afariki hawajasemezana. Kila neno hupitia kwangu. Mimi ndiye posta yao.

Nikaiposti mtandaoni video ya hiyo ya masizi, nikiigiza sauti zote mbili. Nakubali, mama mkubwa namwigiza vizuri zaidi. Oda za maji yetu ya maua zikaanza kumiminika. Watu wanapenda ugomvi wa nyumba ya mwenzao jamani.

Jumamosi, 5 Aprili
Anouar mwenye duka kule Tunis kapiga simu. Anataka maji yetu ya maua, msimu mzima, kila tutakachokeneka! Lebo ya chupa keshachora: wanawake wawili wamepeana mgongo, mtambo katikati. Wateja wake, anasema, wanawajua hawa wawili kuliko shangazi zao wenyewe. Kisha akashusha sauti: nisije nikawapatanisha kabla msimu haujaisha. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hii ndiyo nafasi niliyoililia. Karakana yetu wenyewe, mtambo wa pili, mama aache kuvunja mgongo kwenye jiko lile lililobanana. Nimezunguka uani kama mwendawazimu.

Wahenga wamesema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi navuna na bado wanagombana. Sijui wangeniitaje.

Jumatatu, 7 Aprili
Leo nimewapa wafuasi wangu chanzo cha ugomvi. Walikuwa wanakiomba tangu mwezi uliopita. Siku ya msiba wa bibi, mama mkubwa aliondoka na mtambo. Yeye husema aliupeleka kwa fundi ukatiwe bati upya ndani. Mama husema aliubeba tu, basi. Nikaandika: "Kaburi bado bichi, mtambo umeshahama nyumba."

Sentensi tamu hiyo! Nimeirudia mbele ya kioo mpaka nikajionea haya. Ile habari ya fundi nikaikata, ilikuwa inapoozesha mwisho.

Video imesambaa. Sfax, Bizerte, mpaka kwa wenzetu wa Marseille. Anouar kaniita msanii.

Jumanne, 8 Aprili
Mama kaingia chumbani na simu yangu mkononi. Nikadhani ni lebo tena. Lebo alishaiona jana. Alilalamika tu kwamba pua yake imerefushwa na ya mwenziwe imepunguzwa. Kumbe alikuwa anasoma maoni, kidole kikifuata mstari. Mtu asiyejulikana kaandika: Jalila mwizi. Chini yake vicheko, na wengine wameongeza yao mabaya zaidi.

"Nani huyu anayemwita dada yangu mwizi?"

Dada yangu. Sikumbuki mara ya mwisho kulisikia kinywani mwake. Nikamwambia, mama, si wewe mwenyewe siku zote unasema—

"Mimi nasema, nimelala naye tumbo moja. Huyu kalala naye wapi?"

Akaniamuru nimjibu yule mtu. Akanitajia la kuandika, neno kwa neno, na nusu yake haiandikiki hata hapa. Nikaandika yote. Halafu akauliza ile habari ya fundi nimeitupa wapi. Nikasema ingeharibu hadithi. Akanitazama, akarudi jikoni. Chai kanywa peke yake.

Nimeona aibu, na aibu haijanishinda. Video bado ipo. Kila nikitaka kuifuta, oda nyingine inaingia.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimeifuta.

Anouar anasema najitia mchanga kwenye kitumbua changu mwenyewe. Mpaka Jumapili, kasema, nimpelekee kitu kipya cha hao wawili, la sivyo oda ya msimu atampa mtu mwingine. Mama mkubwa hapokei simu wala hafungui mlango, ingawa redio yake naisikia. Zamu yake ya mtambo ilishafika. Naogopa kuupeleka.

Jumapili, 13 Aprili
Kaja mwenyewe! Kwa miguu!

Maua yaliletwa alfajiri, mengi mno, na yasipokenekwa leo yamekwenda. Mama na mimi tunachambua, mlango ukagongwa. Mama mkubwa, kajifunga shuka lake jeupe la kutokea, kanipita kama nguzo mpaka jikoni.

"Dorsaf, mwambie mama yako maua hayatandazwi marundo hivyo. Yatashika joto."

Mama yuko pale pale, angeweza kumgusa. "Dorsaf, mwambie huyo kama anayaonea huruma, kiti kile."

Akakaa. Sinia moja, mikono minne, na yote minne ni mikono ya bibi. Mvuke, jua la dirishani. Simu ilikuwa mkononi mwangu, sijui ilifikaje. Kidole kilishafika kwenye kitufe cha kurekodi. Nikawaza: Anouar huyu hapa, karakana hii hapa.

Mama mkubwa akasema, "Mwulize mama yako kama kweli kamtukana mtu kwa ajili yangu. Nimeonyeshwa."

Mama kaacha kuchambua. Ananitazama mimi. Na mama mkubwa ananitazama mimi. Nikiwepo watapitia kwangu mpaka siku ya kiama.

Nikasema naenda kutafuta gesi. Gesi tunayo tele. Mlango nimeurudishia, nimekaa hapa kwenye ngazi ya uani, naandika.

Sauti ya mama. Maneno siyapati. Sasa ya mama mkubwa, ndefu, haijapumzika. Dirisha la jikoni li wazi, nikiinuka tu nasikia kila kitu. Kitu cha shaba kimeanguka. Hakuna aliyefoka. Yupo anayelia, na sijui ni yupi, sauti zao wakilia ni moja.

Anouar anapiga tena. Simu nimeikalia, inatetemeka chini yangu.