Tapeti za Masanja

Katoro, Geita

Mama mpendwa,

Shikamoo mayu. Magoti yanasemaje huko Ngokolo? Na yule kuku mkorofi bado anataga kitandani kwa bibi? Mimi mzima, ila mikono imekolea oili hata ugali nauonea huruma. Ningepiga simu, lakini ungenikatia katikati kwa kulia. Soma polepole, wifi akiwa karibu.

Ni habari za gari la kaka Masanja. Limekaa hapa gereji tangu siku ile duara, shimo lao la dhahabu, lilipoanguka likamfunika, na kifusi kikawashinda wenzake kukifukua. Juma hili mzee Hamisi, fundi wangu, aliniambia nimeshafungua matairi ya watu vya kutosha, sasa niitengeneze pikapu ya kwetu niipeleke nyumbani. Nikafunga betri, nikawasha. Ikawaka, ikaanza kugonga.

Ko, ko, ko, kimya. Ko, ko, ko, kimya. Harakaharaka, bila kukosea. Mimi na ujuaji wangu nikasema oili imepungua, nikaongeza. Ikagonga vilevile. Kuinua kichwa, naona wachimbaji watatu waliokuwa wakinywa chai ng'ambo ya barabara wamesimama, vikombe mkononi. Mmoja akaokota jiwe, akagonga nguzo ya kibanda mara tatu, akatega sikio.

Mama, ilikuwa mchana kweupe. Huku duara likianguka, waliofunikwa hugonga mwamba mara tatu kisha wakanyamaza, na wa juu hujibu hivyohivyo ili wajue wamesikika. Wale watu walivuka barabara na makoleo yao. Mwenye jiwe akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani yuko hapa chini? Anagonga upesi, hewa inamwishia."

Nikawaonyesha injini. Walipotambua gari ni la nani wakavua kofia, wakaondoka, na chai hawakuimalizia.

Mzee Hamisi hakucheka. Alinipa bisibisi ndefu: ncha kwenye injini, mpini sikioni, ndivyo tunavyotafuta ugonjwa. Nilisogeza ncha kidogokidogo nikiogopa, nisikudanganye, kusikia jina langu. Sauti ilitoka juu, chini ya kava. Nikazima, nikafungua.

Silinda ni nne. Tapeti za ile ya kwanza, vile vyuma vinavyosukuma vali, zilikuwa zimepimwa vizuri, nati zimekazwa. Za zile tatu zilikuwa zimelegezwa tu, zinasubiri; ndizo zilizokuwa zikigonga. Pembeni ya ile ya kwanza kulikuwa na alama ya vema ya chaki, imelalia kushoto, mkono wa kaka kabisa. Mzee Hamisi akakaa kwenye tairi. Akasema, "Aliitwa duarani akiwa katikati ya kazi hii. Akafunika kava vumbi lisiingie, akaniambia anarudi sasa hivi."

Nilizipima za zile silinda tatu, nikazikaza, nikawasha. Kimya, injini inapumua tu. Huo ukimya uliniogopesha kuliko kugonga. Nikaizima. Nikagonga injini mara tatu kwa mpini wa bisibisi, kama wanavyofanya wa juu, nikaweka sikio. Nilisubiri mpaka chuma kikapoa. Hakuna aliyejibu, mama. Nililia palepale nimekumbatia bampa.

Najua umekataa matanga yaanuliwe kwa sababu hatukumwona. Sikulaumu, hata mimi nilikuwa namsubiri, ndiyo maana nilikuja kujifunza ufundi hapahapa. Lakini kazi aliyosema atairudia nimeimaliza mimi. Jumapili nakuja na pikapu, uisikilize mwenyewe, kisha tuanue.

Msalimie bibi, na baba mdogo mwambie baiskeli yake asiiguse mpaka nifike, asiimalize kabisa. Wifi yangu Mama Neema mwambie ile chaki sikuifuta.

Na ile sahani unayompakulia Masanja kila jioni, leo mpe mwanawe Neema.

Ni mimi mwanao, mwenye kucha chafu,
Kabula