Mlango Usionitambua

Mafiga, 5 Mei 2025

Mjomba Mwinjuma,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua na masika yamepungua huko Mlali. Mimi ni mzima wa mwili tu. Ofisini wamefunga mlango unaofunguka wenyewe ukitambua sura. Wenzangu unawafungulia, mimi unaniambia, "Hutambuliki." Navua miwani, navaa, nainama, nachuchumaa kama mwendawazimu, watu wanacheka. Na mlango huohuo ndio unaoandika mahudhurio! Bosi wangu, Bwana Gervas, anasema mtambo haukosei. Mkataba wa majaribio unaisha mwezi huu. Nikionekana mtoro, sipewi mwingine. Tafadhali usimwambie mtu.

Mpwa wako,
Hidaya

Mlali, 13 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, kifua kimetulia. Nimecheka hadi spana ikaniponyoka. Sijamwambia mtu, nimeunda tu: mwanasesere wa bati na mlango wa debe juu ya baiskeli mbovu. Ukikanyaga pedali anainama, anavua miwani, mlango unafunguka kidogo, halafu unambamiza pua. Usoni nimembandika ile picha yako ya paspoti, nimeikuza. Watoto walipanga foleni kulichezea lidude hilo. Vijana wa maonyesho ya sanaa wameshalichukua, wanalileta mjini.

Mjomba wako

Mafiga, 19 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sijui hata kama nikuulize hali. Wameliweka mbele ya ofisi yetu! Bwana Gervas amekanyaga pedali mwenyewe, kisha akaniangalia. Ijumaa ananiita. Umeniponza, Mjomba.

Hidaya

Mlali, 21 Mei

Hidaya mwanangu,

Pole, tulia. Huyo si Mnyamwezi wa Tabora? Basi ni mtani wetu. Mwambie, "Mjomba wangu Mluguru amekutania." Akinuna, aibu ni yake.

Mjomba wako

Mafiga, 30 Mei

Mjomba,

Shikamoo, hamjambo nyumbani? Nilimwambia Bwana Gervas kama ulivyonifundisha. Akapiga meza: "Waluguru nyie! Mmezoea kushuka milimani na ndizi, leo mmeniletea lidude! Nimelitaifisha."

Amelisimamisha palepale nje, likiutazama mlango. Tangu siku hiyo kila mgeni akikanyaga pedali, mwanasesere anainama, mlango wa ofisi unaiona ile picha yangu na kufunguka wazi: "Karibu, Hidaya." Mimi mwenyewe naingia nimejibana nyuma ya mgeni.

Leo mkataba umetoka. Bwana Gervas amenisifu mbele ya wote: hakuna aliyeingia ofisini mara nyingi kama mimi. Nilitaka kusema ukweli, nikatia saini.

Nakusihi, usije kulichukua.

Mpwa wako,
Hidaya