Maswali Matatu ya Kila Mwezi

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hapa nyumbani sote wazima, ila sauti yangu imekauka kwa kuhubiri. Shemeji yako anakusalimu na anauliza goti linaendeleaje, au bado unatembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi.

Niyajibu maswali yetu upesi, kuna wageni sebuleni. Umepumzika? Sijapumzika. Miaka ishirini na tisa nachunga kanisa hili, nipumzike nimwachie nani? Nani amekukatalia? Fundi viatu, rafiki yetu wa utotoni. Jumapili nilikuwa nafundisha juu ya ndoa, nikatoa mfano wa dada mmoja aliyekuja ofisini kwangu akilia kwamba mumewe amehama chumba. Jina sikutaja, nilisema tu ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Watu wakageuza shingo, naye akainuka akatoka. Basi kwenye kikao cha wazee wa kanisa fundi viatu ananiambia, mbele ya wote, niende kwa yule dada nikamwombe radhi. Mimi! Umemwomba nani msamaha? Hakuna. Sijamkosea mtu.

Kaka yako

16 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nashukuru mko wazima. Goti bado linanitesa. Nashinda hapa kibarazani nikitengeneza vyerehani vya watu, mguu nimeuegemeza juu ya kiti.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilitaka kuichana. Eti jina hukutaja! Wodi hiyo ina wauguzi wangapi? Uliniambia mwenyewe ni wawili, na mmoja ni mwanamume mwenye ndevu! Dada wa watu kakuletea siri yake, wewe ukaipeleka kwenye kipaza sauti. Fundi viatu amesema kweli. Nyumba ya huyo dada ni ya tatu kutoka kanisani, huhitaji hata kuvaa koti. Nenda, tafadhali.

Na usisahau, maswali haya uliyatunga wewe, siku tuliyowekewa mikono kuwa wachungaji. Ulisema, "Siku nikikujibu hakuna kwenye lile la pili, la nani amekukatalia, ujue nimepotea."

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Shemeji yako amepunguza maneno siku hizi, nadhani ni uchovu.

Umepumzika? Bado. Nani amekukatalia? Hakuna. Fundi viatu nimempumzisha uzee wa kanisa, apate muda wa kutosha na viatu vyake. Kikao cha juzi kilichukua dakika kumi na mbili, amani tupu. Umemwomba nani msamaha? Wewe nawe, hebu liache hilo. Nasikia yule dada siku hizi anasali kwingine. Kila la heri kwake.

Kaka yako

25 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, ila daktari amekataza nisipande basi, na kuja kwako ni basi kutwa nzima. Ningekuwa na goti la maana ningekuwa nimeshafika, nikushike mkono mpaka mlangoni kwa yule dada kama ulivyokuwa ukinishika kunipeleka shule.

Hizo dakika kumi na mbili zimeniogopesha. Unakumbuka wazee wa kanisa langu waliponiita wakaniambia, "Mchungaji, umechoka, na uchovu wako unatuumiza"? Niliacha uchungaji nikiwachukia. Mwezi mzima nilikuwa kama mtu aliyefiwa. Leo nawashukuru, wangeninyamazia ningeharibu watu wengi. Wewe nani atakuambia? Mrudishe fundi viatu. Nakusihi.

Mdogo wako

11 Mei

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili sijaipata, ya Mei pia. Unaumwa? Shemeji nampigia, simu haipatikani. Katika miaka yote hii hujawahi kuruka hata mwezi mmoja. Hata ukitaka kunitukana, nitukane, ila andika.

Mdogo wako

28 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini goti limepata nafuu. Mimi nipo.

Shemeji yako yuko kwa dada yake tangu Aprili. Alisema mdomo wangu umesahau kutamka neno samahani, na yeye hawezi kuzeeka na mdomo wa namna hiyo. Nikamwambia mlango uko wazi, nikidhani anatania. Nimeshaunguza sufuria mbili.

Umepumzika? Nyumba imetulia mno, napumzika mpaka nachoka. Nani amekukatalia? Hakuna aliyebaki. Umemwomba nani msamaha?

Kaka yako

9 Julai

Kaka,

Shikamoo. Pole sana. Barua yako imenikosesha hamu ya kula.

Jibu la tatu umelifuta kwa kalamu hadi karatasi ikatoboka. Samahani, niliinua karatasi kwenye taa ya cherehani nikasoma. Umeandika, "Nilifika mpaka getini kwake." Kaka, ulifika! Nimelia, mteja akadhani nimejichoma sindano. Kwa nini uligeuka? Kwa nini ukafuta? Rudi palepale kwa yule muuguzi, bisha hodi. Akifungua, sema, "Nilikukosea." Basi, usihubiri. Kisha nenda kwa shemeji ukaseme hivyo hivyo.

Mimi nitakufanyia nini hapa nilipo? Sina ninachoweza zaidi ya kuandika, na kuandika hakutoshi. Naumia, Kaka.

Mdogo wako

14 Septemba

Kaka,

Shikamoo. U hali gani? Simu yako inaita tu haipokelewi. Jana nilimpata fundi viatu. Anasema Jumapili ulihubiri kwa saa mbili, kanisa zima likaitikia amina.

Uliniandikia kwamba hakuna aliyebaki wa kukukatalia. Nimebaki mimi. Nakukatalia kila mwezi, hata usiponijibu.

Ndani kuna bahasha yenye stempu, anwani yangu nimeshaiandika. Maswali unayajua. Nijibu hata la tatu peke yake.

Mdogo wako