Karanga za Njiani

Butembo, tarehe 11 Februari 2001

Mwanangu Rébecca,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi tuko wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limekataa kabisa kilima cha kisimani. Na wewe huko Beni, unakula? Unalala? Tangu tulipomzika mume wako Jean-de-Dieu, barua zako zimekuwa fupi sana, na mama hashibi barua fupi.

Watoto wako hawajambo. Jemima ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kanisani. Mathe ametimiza miaka kumi na mitatu na suruali zake zote zimemkimbia miguu. Jioni tunachambua maharage kwenye ungo, mimi nawahadithia, na Jemima anatupa mabovu na mazuri pamoja kwa sababu masikio yake yako kwangu na mikono haina mwenyewe. Muuza maziwa anatia maji. Nilimwambia hivyo, akaapa kwa Bikira Maria, ndipo nikajua kweli anatia.

Jirani wetu alimpa Mathe karanga za kukaanga. Nilimpokonya mbele ya watu, wakaniona mchoyo. Wao hawakuwepo siku ile uso wake ulipovimba hadi macho yakapotea, pumzi ikamkwama, tukamkimbiza kwenye zahanati ya masista mimi na wewe bila viatu. Tangu siku ile karanga haziingii kwangu.

Sasa jambo moja. Wewe toka utoto unafunga bahasha kwa kipande cha bugali. Barua zako mbili za mwisho zimefungwa kwa gundi ya dukani, na zote zinaanza na sifa za shemeji yako Kasika. Najua mjane hatoki nje mpaka matanga yaondolewe, na ndugu wa marehemu ndiye amekupa nyumba. Nauliza tu, nani anafunga bahasha zako?

Mimi mama yako,
Katungu


Beni, tarehe 25 Februari 2001

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na watoto pia. Mimi sijambo. Shemeji Kasika ananitunza vizuri, pamoja na mke wake Berthe na mtoto wao Ananie. Wanakusalimia.

Shemeji anaona kwamba watoto wa ndugu yake warudi Beni, kwenye ukoo wao. Mbuzi wa mahari walitolewa wote, wewe uliwapokea. Shule zimefunguliwa tena. Amekwisha kumshonea Mathe nguo ya shule, suruali ya bulu na shati jeupe. Lusenge, dereva wa gari la kubeba mbao, atapita kuwachukua katikati ya mwezi wa tatu. Kama Jemima ni mdogo kwa safari, hata Mathe peke yake atangulie.

Uwe na amani.

Mtoto wako,
Rébecca


Butembo, tarehe 3 Machi 2001

Mwanangu Rébecca,

Habari za siku nyingi, na za huko kwa mkwe wangu Kasika? Goti linaendelea. Ukitaka kujua habari za maharage, ni hizi. Yale mekundu yamekataa kuiva mwaka huu. Nayaloweka toka jana, nayapika asubuhi yote, Jemima anachochea moto na kulia moshi, na bado yanagonga meno. Nimebadilisha sufuria. Nimebadilisha maji. Nadhani aliyeniuzia alichanganya ya mwaka juzi, na sitanunua tena kwake hata akiniita shangazi. Vitunguu majani vimestawi. Kuku mweupe hatagi, nadhani anataga kwa jirani, na jirani ananyamaza.

Hii ni karatasi ya pili. Umesoma mpaka hapa? Sawa.

Kavira, yule anayepeleka viazi hadi Mbau, amerudi na magunia yake bila kuuza. Anasema wenye bunduki wanapita nyumba kwa nyumba na kuomba kila nyumba mtoto mmoja wa kiume, na sasa wanashuka kuelekea Beni. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mkwe wangu Kasika ana mtoto mmoja tu wa kiume, Ananie, rika moja na Mathe. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu kwa nini mtu aongeze mvulana nyumbani wakati wengine wanawaficha wao.

Mathe alisikia kuhusu nguo ya shule na akafurahi. Ananiambia mimi bibi yake, "Koko, baba mudogo iko na roho muzuri." Nikamwambia achambue maharage.

Kama ni lazima asafiri, basi niagize nimfungie chakula gani cha njiani. Uzee umenisahaulisha anachopenda.

Mama yako,
Katungu


Beni, tarehe 14 Machi 2001

Mama mpendwa,

Salamu. Sisi wazima. Barua yako imefika, pole na maharage.

Mathe umpe kwa Lusenge wiki hii. Kuhusu chakula cha njiani, mkaangie karanga, nyingi, ale ashibe. Unajua anavyozipenda tangu mdogo. Usimfungie kitu kingine chochote, karanga tu.

Shemeji anakusalimia na anasema asante.

Mtoto wako,
Rébecca


Butembo, tarehe 18 Machi 2001

Mwanangu Rébecca,

Salamu tele kwako na kwa mkwe wangu mpendwa Kasika, Mungu ambariki kwa wema wake wote. Nimesoma barua yako nimekaa juu ya gunia la viazi, kisha nikaisoma tena nimesimama.

Nimeelewa maagizo. Siku Mathe atakaposafiri kwenda Beni, atakula karanga.

Kwa bahati mbaya siku hiyo si leo. Surua imeingia nyumbani. Ilianza kwa Jemima, sasa na Mathe ana homa na macho mekundu. Lusenge alipofika nilimwonyesha Jemima kwa mbali, naye akaondoka bila hata kuomba maji, kwa sababu ana watoto wadogo. Na kwa mkwe wangu pia kuna Ananie. Sitaki kuwaletea ugonjwa watu walionitendea mema.

Tuombeeni.

Mama yako,
Katungu


Beni, tarehe 29 Machi 2001

Mama mpendwa,

Tumesikitika sana kwa surua. Usimwogeshe Jemima maji baridi. Surua ya upande wetu inachelewa kupona, wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo, basi usiharakishe.

Shemeji ana wasiwasi na watoto. Anasema atapanda mwenyewe Butembo Jumamosi awaone kwa macho yake, na Mathe akiwa na nafuu atarudi naye. Umpokee vizuri.

Mtoto wako,
Rébecca


Butembo, tarehe 9 Aprili 2001

Rébecca wangu,

Barua hii nampa Kavira mkononi. Anakuja kwenu kwa sababu ya matanga, na mwanamke akija kulia na mjane hakuna anayemfungua kitambaa cha kichwa kumpekua. Isome, kisha uitie motoni. Leo naandika bila maharage.

Mathe hayuko Butembo. Siku ile ile niliposoma karanga nilimpeleka Lubero kwa dada yangu, na huko anachimba viazi na kulalamikia baridi. Kwanza niliposoma nilikaa chini. Nikasema, binti yangu amekufa, kuna mtu anaandika kwa jina lake. Kisha nikatazama mkono, ule mkia wa herufi y ambao masista wa shule walikuchapia mpaka wakachoka. Ulikuwa wako. Nikachukua ungo nikapepeta unga, maana kichwa changu hufanya kazi mikono ikifanya kazi. Mama hawezi kusahau siku ile ya uso kuvimba. Akiandika hivyo, basi kuna mtu anayesoma juu ya bega lake, mtu asiyejua habari ya karanga, na binti yangu anachoniambia ni kimoja tu, nisimlete mtoto.

Nilikufundisha kusema kweli, na uongo huu umenifurahisha kuliko kweli zako zote.

Kasika alikuja Jumamosi kama ulivyosema. Alileta mkate na sabuni. Asubuhi nilikuwa nimempaka Jemima majani yale yanayowasha, mikono, shingo na mashavu. Mtoto aliumuka, akalia kilio cha kweli, nikamwahidi mandazi, na mpaka leo ananidai. Kasika alimtazama akiwa mlangoni, hakuvuka.

"Mama, na Mathe iko wapi?"

"Bamemutenga. Iko kwa masista."

"Masista ya wapi?"

"Ya kule banapelekaka bagonjwa."

Akanitazama sana. "Mama, weye uko na mashaka mingi."

"Mashaka njo imenifikisha huu uzee, mutoto wangu. Kaa, kunywa chai."

Alikaa kwenye kile kigoda cha marehemu baba yako. Chai ilipoa mbele yake. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi, nilikuwa hata na maneno tayari. Yeye akaanza kulia, mwanaume mzima, akijifuta kwa kofia.

"Banaomba kila nyumba mutoto moya, Mama. Balishafika kwa jirani. Miye niko na Ananie peke yake. Mathe hana baba, donc nilifikiria..."

"Mathe hana baba," nikamwambia, "lakini iko na koko."

Nilimwonea huruma, Rébecca, nakuambia wazi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu hakuja kwetu kwa ubaya wa moyo, alikuja kwa woga, na woga ule naujua, ni huu huu wangu. Hata hivyo huruma haikunifanya nitaje Lubero. Alipoondoka nilimpa viazi na kifurushi cha karanga za kukaanga, nilizozinunua kwa ajili yake tu. Akashukuru, "Wasingya, Mama," na akaanza kuzila kabla ya kufika njiani. Nilikaa nyuma ya nyumba nikacheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki bila kicheko.

Ondoa matanga yako, mwanangu, uje nyumbani.

Mama yako akupendaye,
Katungu


Beni, tarehe 17 Juni 2001

Mama yangu,

Salamu. Nisamehe kwa ukimya. Barabara ilifungwa, kisha ikafunguliwa, na hata ilipofunguliwa sikujua niandike nini. Bahasha hii nimeifunga mwenyewe kwa bugali.

Wamemchukua Ananie. Alikuwa anatoka shule na wenzake. Wenzake walikimbia, yeye kiatu kilimtoka, akarudi kukiokota.

Kasika anashinda ndani ya duka lake alilolifunga. Hasomi tena barua za mtu. Zako, Mama, alikuwa anasoma karatasi ya kwanza, akifika kwenye maharage ananitupia na kusema, "Mama yako anaandika murefu kama misa." Mungu ayabariki maharage yale. Zangu alizisimamia mpaka nukta ya mwisho, hata ile ya karanga, nayo akaifunga mwenyewe kwa gundi yake ya dukani.

Matanga yameondolewa na niko huru kusafiri. Nilikuwa nimefunga mzigo. Usiku wa kuamkia siku ya safari sikulala kwa furaha kwamba Mathe yupo, na upande wa pili wa ukuta Berthe alikuwa analia. Niliona aibu kwa furaha yangu, lakini haikuondoka.

Asubuhi Berthe alikuja chumbani. Nilingoja anilaumu. Hakunilaumu. Aliniuliza kama surua ya watoto ilipona. Kisha akanipa nguo ya shule iliyokunjwa, suruali ya bulu na shati jeupe. Kumbe ile nguo aliyoisifu Kasika haikuwa ya Mathe. Ilikuwa ya Ananie, hajaivaa hata siku moja, alikuwa anaitunzia mwaka mpya wa shule. Berthe akasema, "Mupelekee Mathe. Yeye iko, aivae."

Namtuma Kavira nayo. Mimi sitakuja bado, Mama, usinikasirikie. Berthe hawezi kuwasha moto, hawezi kukoroga bugali. Nimefungua mzigo wangu. Nitakaa naye mpaka aweze kupika tena.

Mtoto wako,
Rébecca


Butembo, tarehe 8 Julai 2001

Mwanangu Rébecca,

Salamu kwako, na kwa Berthe umfikishie zangu kwa mikono miwili. Goti limepona kidogo. Sikukasirika. Kaa naye. Ningekuwa na miguu ningekuja nikae naye mimi.

Mathe amerudi kutoka Lubero, amenona kwa viazi, sauti imekuwa nzito, na hatoki nje ya ua bila mimi. Jemima amefurahi mpaka amempa ungo wote wa maharage achambue peke yake.

Nguo imefika. Niliitandika kitandani. Mathe aliitazama akauliza ni ya nani, nikamwambia ukweli wote, na wa karanga pia. Kisha akasema, "Koko, hii ni ya Ananie. Miye siivae." Nilimwambia hakuna atakayeivaa.

Mwambie Berthe hivyo. Na akiuliza tena kuhusu surua, mwambie haikuwepo. Mwambie ni mimi niliyesema uongo, na kama ningerudishwa siku ile ningeusema tena, na kwamba kila jioni tukimaliza maharage namtaja Ananie kwa jina, watoto wanaitikia, na sijui Mungu ananisikiliza kwa uso gani.

Nimefanya jambo moja. Ananie na Mathe ni rika moja, wanarefuka pamoja. Jana nilimsimamisha Mathe mlangoni nikaipima ile suruali kwenye mguu wake bila kumvalisha. Imeshakuwa fupi. Nimefumua pindo nikalishusha, Jemima alinitungia sindano. Mwezi ujao nitapima tena, na unaofuata, ili Ananie akirudi aikute inamtosha.

Muulize Berthe kama fundi alibakiza kitambaa cha bulu. Pindo si refu.

Mama yako,
Katungu