Fundo la Beda Kwenye Nyavu

Kambi ya Mkonge, Kilosa
15 Agosti 1955

Kwa baba yangu, Mzee Kasiani, Magole

Shikamoo baba. Naamini barua hii itakukuta pamba imeshaingia ghalani na kile kikohozi kimekuachia. Mama naye goti lake linaendeleaje? Mwambie asijitwike ndoo mpaka nije. Huku watoto wanakula vizuri, nami bado nipo banda la brashi, kwenye mashine za kusafishia nyuzi, na vumbi la mkonge ni lile lile la kututia chafya kutwa.

Barua yako niliipata Ijumaa. Niliisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikaa chini. Unasema habari zimefika hadi Magole kwamba kaka yangu Beda aliuza mechi, kwamba wewe hukuzaa mtoto wa kuuza wenzake, na akija huko asivuke kizingiti chako. Nakuomba, baba, kabla hujaichana hii yangu, nisikilize hadi mwisho. Hasira zako nazijua, maana nimezirithi.

Wewe hukuwapo Februari, tulipogombea kikombe na vijana wa kambi ya barabara ya Mikumi, Beda akiwa kipa wetu. Ndiyo mara ya kwanza goli letu kuwa na nyavu. Kabla ya hapo ilikuwa milingoti mitupu, na kila bao lilizua ugomvi. Nyavu nilizisuka mimi kwa kamba ya mkonge, wiki tano, kila jioni nikitoka kazini. Zilipotundikwa, wanaume wazima walikuja kuzishikashika tu, na nyapara wetu akavua kofia. Nilitembea kambini wiki nzima shingo juu.

Basi mechi ikawa bila kwa bila hadi karibu na mwisho. Fowadi wa Mikumi akapiga shuti la chini kutoka pembeni. Beda akaufuata mpira kwa macho, akaweka mikono kiunoni, hakujitupa. Kutazama, mpira umo ndani ya nyavu! Refa alikuwa mbali, akapiga filimbi ya bao. Beda akainua mkono kumwita, akainama kwenye pembe ya nyavu, akatazama pale chini, kisha akaushusha mkono wake. Kikombe kikaenda Mikumi.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili nje ya duka la Kondo watu wanaicheza mechi ile upya kwa mdomo. Mwanzo walilaumiwa wengi. Nikolaus, beki, aliambiwa anakimbia kama amebeba mzigo wa majani ya mkonge. Makarius alikosa bao akiwa peke yake na kipa. Alisema jua lilimpiga machoni, nao wakamwuliza jua la jioni linatokea upande gani. Lakini mwisho wa yote kosa lilirudi kwa Beda. Mtu mmoja tu alimtetea, Telele, Mmasai anayechunga ng'ombe kandokando ya shamba, hakosi mechi hata moja. Alisema mpira ule uliingia ubavuni mwa goli, si mlangoni. Wakamcheka, wakamwambia arudi kwa ng'ombe wake.

Ikafika mahali hakuna aliyetaka kukata mkonge mstari mmoja na Beda. Mwezi Mei akaondoka, akapata kibarua Mikumi, kambi ile ile ya barabara. Hapo ndipo walipopata la kusema, eti ndiyo ahadi aliyouzia mechi. Nadhani hilo ndilo lililokufikia.

Jana Mikumi walikuja tena, na golini kwao alisimama Beda. Baba, sijui nikuandikieje. Kipindi cha pili alikuja goli la upande wetu, lile lile la Februari. Kabla ya filimbi aliinama pembeni, akagusa nyavu kwa vidole, ndipo akasimama. Kuanzia hapo hakikupita kitu. Nikolaus alipiga kichwa ambacho tulikwisha kukishangilia. Beda akautoa mpira kwa ncha za vidole, mwili wote uko hewani. Tukapata penalti, akapiga Makarius, naye anapiga kwa nguvu za ajabu. Beda akaruka, akaudaka, akaanguka nao kifuani. Walioanza na matusi wakasahau matusi yao. Telele, ambaye siku zote hutazama mpira akisimama kwa mguu mmoja, aliteremsha na wa pili. Machozi yalinitoka, na kila niliyemtazama alikuwa ameshika kichwa. Ikaisha bila kwa bila.

Jioni nilikwenda kwa Kondo kununua chumvi, nikawakuta wanamsifu kwa sauti za chini, kama watu waliotoka kanisani. Nikafurahi, nikadhani yamekwisha. Ndipo Makarius akasema polepole kwamba mtu anayeweza kudaka vile hawezi kufungwa lile bao la Februari bila kutaka mwenyewe. Wote wakaitikia. Yaani kila mpira aliouokoa ukageuka shahidi dhidi yake! Uzuri wake wote, baba, ukawa ndio hatia yake.

Nikaweka chumvi chini. Nikawaambia: "Mimi ndiye niliyefungua nyavu."

Na wewe sasa nakwambia. Asubuhi ya mechi ile ya Februari nilitoka kutafuta kuni, kamba yangu ikakatika karibu na uwanja. Nikafungua pima moja ya kamba kwenye pembe ya nyavu, pale chini inapofungwa mlingotini, nifungie mzigo wangu na kuirudisha kabla ya mechi. Nyumbani nikamkuta jirani yangu Costancia, akanisuka nywele, nikasahau. Mpira ulipita nje ya mlingoti, ukaingia kwenye pengo nililoliacha mimi. Nilipofika nyumbani jioni nilizikuta kuni zimetawanyika, kamba haipo. Alfajiri nilikimbia uwanjani, nikaikuta imerudishwa mahali pake, na fundo ni la Beda.

Alijua, baba, maana kamba iliyokosekana pale aliiona mchana kwenye mzigo wangu wa kuni. Alijua kabla hajaushusha ule mkono wake. Miezi mitatu tulikula sahani moja hakuniuliza, wala hakunitazama vibaya. Nami nilinyamaza, kwa sababu nilipenda kusifiwa nyavu zangu kuliko jina la kaka yangu. Nimeona mengi kambini hapa, lakini mtu kama huyo sijaona.

Kwa Kondo hakuna aliyecheka. Makarius alivua kofia, akaondoka bila kuaga. Leo nasikia anatafuta gari la kwenda Mikumi. Matusi nimeyapata, na ni haki yangu.

Jumamosi Beda atashuka hapo Magole kwa lori la pamba, kuja kumwona mama. Hajui ulichoniandikia. Asubuhi hii nimelikata lile fundo, nimelitia ndani ya bahasha. Ni lile ulilomfundisha wewe la kufungia mbuzi, ukamkaripia kwa kuwa hulifunga kwa mkono wa kushoto. Lishike kwanza. Kama yuko wa kuzuiwa kizingitini, nizuie mimi.

Nisalimie mama na wote wanaoniuliza. Watoto wanakuamkia.

Ni mimi mwanao mwenye kosa,
Selestina Kasiani